Mahindi Ndani ya Kahawa ya Mama Baraka

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja, mbele ya glasi ya maji baridi, bosi wangu aliponiambia kwamba mahindi si sumu.

Mgongoni nilikuwa nimembeba mwanangu Baraka. Mkononi nilikuwa na pakiti iliyoandikwa "Kahawa Asilia ya Mama Baraka", na Mama Baraka ndiye mimi. Ndani ya glasi, unga wa pakiti hiyo ulikuwa umezama kama mchanga na kuyageuza maji rangi ya Mto Sio ukifurika. Bwana Wandera, mwenye banda, alikuwa anakula chapati. Akameza kwanza. Kisha akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu:

"Mama Baraka, mahindi si sumu. Wewe mwenyewe jana si ulikula ugali?"

Nikavua aproni, nikaitundika juu ya birika lake, nikatoka. Ndivyo nilivyostaafu.

Najua mnacheka. Mnasema kustaafu ni kwa mwalimu mwenye mvi, anayepewa mbuzi na saa ya ukutani halafu watu wanasoma hotuba. Mimi sina mvi hata moja, ingawa Wandera alijitahidi. Lakini kazi ya kahawa nimeifanya tangu nilipotoka sekondari, na pale kwake nimemaliza. Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yenu, dada zangu mliobaki nyuma ya kaunta, na kwa yeyote anayetaka kunywa kahawa nzuri nyumbani kwake bila kumtegemea Wandera.

Nianze na siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo mnayopenda kuisimulia na huwa mnaikosea.

Banda liko Busia ya upande wa Uganda, pale malori yanaposubiri kuvuka. Mimi nimezaliwa upande wa Kenya na nikaolewa hukohuko, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa navuka mpaka kwa miguu kwenda kazini. Kwetu kinywaji kisicho na maziwa kinaitwa strungi, au cha rangi. Hakuna aliyenionya kwamba nikivuka ule mstari, strungi inabadilika jina. Dereva wa kwanza kuingia alikuwa Mganda mnene mwenye haraka. Akaniambia, "Nyabo," ndiyo kusema mama kwa lugha yao, "mimi nataka kahawa kavu."

Nikafikiri, sawa, kila mtu na ugonjwa wake. Nikachukua kisahani, nikaweka kahawa ya unga vijiko viwili, kavu kabisa, nikapanga na kijiko pembeni, nikampelekea kwa heshima.

Akaitazama. Akanitazama. "Sasa hii nalamba?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, kama ndivyo anavyoipenda. Banda zima lilicheka mpaka wakaja watu wa banda la pili kuuliza kuna nini. Kavu, kwa wenzetu wa Uganda, maana yake haina maziwa. Kuanzia siku hiyo niliitwa Kavu. Madereva wa Malaba waliniita Kavu, wabadilisha pesa wakaniita Kavu, hata mchungaji mmoja aliyekuwa anapita kwenda semina aliniita Sista Kavu. Na mimi miaka ikapita nimeolewa, mtoto haji, nanyi mnajua mdomo wa watu. Mwanamke ambaye hajazaa, ukimwita Kavu, hakuna anayejua kama ni utani wa kahawa au ni kisu.

Baraka alipokuja, baada ya kusubiri na kufunga na kuombewa na makanisa ya pande zote mbili za mpaka, lile jina lilikufa siku moja. Nikawa Mama Baraka. Muelewe hapo vizuri, maana ndipo hasira yangu inapokaa. Jina hilo sikuliokota barabarani.

Lakini nimeruka. Turudi kwenye kazi.

Aliyenifundisha kahawa si Wandera. Wandera anajua kuipokea ikishakuwa kwenye kikombe. Aliyenifundisha ni shangazi yangu Adikini, dada yake baba, aliyeolewa Tororo, nyumba yake inatazama ule mwamba mkubwa wa mji. Baada ya aibu ya siku ya kwanza nilienda kwake Jumapili kulia. Hakunibembeleza. Alinipa mwiko na kaango la udongo, akasema kama nitachekwa kwa sababu ya kahawa, basi angalau niijue.

Shangazi alikuwa ananunua kahawa mbichi ya mlimani kutoka kwa wanawake wanaoshuka Mbale, na kidogo ya Buteba, ile ya bondeni, kwa ajili ya uchungu. Anachagua punje kwenye ungo kama mchele. Nyeusi, zilizotobolewa na zilizovunjika anazitupa. Alikuwa anasema punje moja iliyooza kwenye kaango ni kama shemeji mmoja mlevi kwenye arusi, picha zote atatokea yeye. Halafu moto mdogo, na mwiko usisimame. Punje zinaanza kijani, zinakuwa njano, zinanuka mkate, halafu zinalia. Tah, tah, kama bisi. Ukisikia kilio kimeenea, usikimbilie simu. Subiri kidogo, ziwe kahawia ya ngozi ya kiatu kizuri, ipua, mwaga kwenye ungo, pepeta haraka zipoe. Mimi mara ya kwanza nilizisubiri mpaka zikawa nyeusi na kung'aa mafuta, nikajisifu. Shangazi akatafuna moja, akatema.

"Nyara," akaniambia, ndiyo kusema binti yangu, "makaa tunayo tayari chini ya kaango."

Na usiisage siku hiyohiyo. Iache ilale angalau hadi kesho yake. Kahawa iliyotoka motoni ni kama mtu aliyetoka usingizini, ukimuuliza kitu atakujibu vibaya.

Sasa vyombo. Watu huniuliza kama wanahitaji mashine. Nimeona mashine ya Wandera, ile aliyoinunua kuukuu ikiwa na taa nyekundu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuziba. Nyumbani unahitaji kinu au mashine ndogo ya mkono, sufuria ambayo haijapika omena, wale dagaa wa ziwani, kijiko, na kitambaa cha pamba. Sufuria nimesema makusudi. Kahawa na maziwa ni ndugu, vyote vinaiba harufu. Ukiweka kahawa yako kwenye kabati moja na vitunguu na omena, utakunywa omena. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko, mbali na dirisha.

Kitambaa cha kuchujia, tafadhali, kioshwe kwa maji ya moto peke yake. Kuna dada mmoja pale bandani, simtaji na anajijua, alikifua kwa sabuni ya unga yenye harufu ya maua. Wateja siku hiyo walikunywa kahawa na shuka. Mmoja aliisifu.

Kosa letu kubwa sisi watu wa mpaka, Wakenya na Waganda sawasawa, ni kuichemsha kahawa kama chai. Mnaijua hiyo: maji, maziwa, sukari, tangawizi, majani, vyote ndani, moto mkali, ipande, ishuke, ipande tena. Chai inavumilia. Chai imelelewa kwa shida. Kahawa ukiifanyia hivyo inakuwa chungu, halafu unaongeza sukari kuficha uchungu, halafu maziwa kuficha sukari, halafu tangawizi kuficha yote, na mwisho unasema hupendi kahawa. Hujawahi kuionja.

Fanya hivi. Saga kahawa unayokunywa leo tu. Chemsha maji peke yake, safi, maana maji mabaya ni kahawa mbaya. Yakichemka, yaipue, yaache yatulie mpaka yaache kutokota. Wakati huo mimina maji kidogo kwenye kikombe kukipasha moto, uyamwage. Weka vijiko viwili vilivyojaa kwa kila kikombe, mimina maji kiasi cha kuilowesha tu, iache ivimbe na kupumua. Kisha malizia maji, koroga mara moja, funika. Usiende mbali. Muda wa kumbadilisha mtoto nepi unatosha, kama mtoto ni mtulivu. Wangu si mtulivu, kwa hiyo kahawa yangu huwa kali. Chuja. Kama unataka maziwa, yapashe pembeni na uyaongeze mwisho. Ikibaki, usiirudishe motoni. Kahawa iliyopashwa ni kama ugomvi wa jana, kila ukiurudia unazidi uchungu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja aliyetaka kahawa "isiyo na ukahawa mwingi". Kulikuwa na mama wa Tororo, muuza vitenge, aliyekuwa anakunywa vikombe vitatu halafu ananilaumu mimi kwamba hapati usingizi. Kulikuwa na kamati ya arusi iliyoagiza kahawa kwa wageni wote, ikanipa sufuria la ugali lenye ukoko na kusema harufu itaisha yenyewe. Haikuisha. Nililisugua kwa jivu na ndimu na matusi ya kimyakimya, ndipo likakubali. Wote hao niliwaweza. Anayekunywa kitu kibaya kwa sababu hajui, unamwonyesha. Kesi iliyonishinda ni ya mtu anayejua.

Baraka alipofikisha mwaka, wateja walikuwa wanauliza kama wanaweza kubeba kahawa nyumbani. Wandera akaja na wazo la pakiti. Akauliza tuiiteje. Madereva wakasema kwa nini tuhangaike, si ni kahawa ya Mama Baraka? Nikakubali, na sitasema uongo, nilifurahi. Nilibandika pakiti ya kwanza ukutani nyumbani, juu ya kitanda cha mtoto. Baba Baraka, mume wangu, ni mtu wa bodaboda. Akawa anawaambia abiria kwamba anaishi na kiwanda.

Mwanzo nilikaanga na kusaga mwenyewe. Pakiti zilipoanza kuvuka mpaka kwa makatoni, Wandera akasema nitachoka, nina mtoto mdogo. Akasema yeye atapeleka kwenye mashine ya posho, ile ya kusagia unga wa ugali, isagwe huko. Nikamshukuru. Mjifunze hapo: bosi akianza kuuhurumia mgongo wako, angalia mikono yake.

Nilijua siku tulipoenda nyumbani kwa mama mkwe wangu. Alikuwa amealika akina mama wa kanisa, amenunua pakiti mbili za mkwewe, amezisimamisha katikati ya meza kama vikombe vya mpira. Nikaitengeneza kwa mkono wangu, maji yametulia, kikombe kimepashwa, kila kitu. Nilipomimina tu nikasikia harufu ya gunzi lililosahaulika kwenye makaa. Nikaonja. Ilikuwa nzito, inateleza, na nyuma yake kulikuwa na uji ulioungua.

Akina mama wa kanisa hawasemi vibaya, wanashusha kikombe polepole. Mama mkwe akasema kahawa imetulia. Ni mtu mwema. Wifi yangu, dada yake Baba Baraka, hana shida hiyo. Alikizungusha kikombe chake, akachungulia ndani.

"Wifi," akasema, "hii kahawa yako tunaila na mboga gani?"

Walicheka mpaka mama mkwe naye akashindwa. Nikacheka na mimi, mtu angefanya nini? Lakini Baraka alikuwa amekaa pale sakafuni, anaichezea pakiti iliyokwisha, na mmoja wa wale akina mama akamwambia kwa utani, "Hujambo, Baraka wa mahindi." Nikaacha kucheka.

Kesho yake nikaingia bandani na glasi. Jaribio hili lifanyeni hata nyumbani, na kahawa yoyote. Maji baridi, nyunyiza juu unga kidogo, usikoroge. Kahawa ya kweli ina mafuta, inaelea kwanza, inazama kwa maringo, na maji yanabadilika rangi taratibu. Iliyochanganywa inazama mara moja na maji yanachafuka. Nilinyunyiza mbele ya Wandera. Tukatazama wote wawili ikishuka. Hakukataa. Alisema kahawa imepanda bei, mahindi yapo, na kwamba wateja hawajalalamika. Kisha akaniambia lile la sumu na ugali, na aproni yangu mnajua ilipoishia.

Nilidhani nikiondoka, jina litaondoka na mimi. Mama Baraka hayupo, atauzaje kahawa ya Mama Baraka? Nikakaa nyumbani nikikaangia majirani. Siku moja Baba Baraka akarudi na pakiti mpya aliyoiona Malaba. Jina lilelile. Chini yake wameongeza: "Mwenyewe Yupo Bandani." Yeye alitaka niyaache, akasema jina ni jina. Nilimwambia mtoto akianza shule na kuitwa mahindi, yeye ndiye atakayemweleza. Akawasha pikipiki, akanipeleka mwenyewe.

Nikamkuta msichana nyuma ya kaunta, mdogo kuliko mimi, mtoto mchanga kamfunga kifuani kwa leso. Nilisimama kama mteja, nikamuuliza kama yeye ndiye Mama Baraka. Aliangalia mlangoni kwanza.

"Nimeambiwa niitike," akasema.

Nikamuuliza mtoto anaitwa nani hasa. Akainamisha macho. "Barasa. Ni jina la babu yake."

Nilikuwa nimekuja kupigana naye. Nikakuta sina wa kupigana naye. Aliniambia ametoka Masaba, baba wa mtoto hajulikani alipo, na kwamba Bwana Wandera alimchukua kazini baada ya swali moja tu, mtoto wako anaitwaje. Alipojibu Barasa, akasema inatosha, imekaribia. Akaniomba nisimharibie. "Dada, mimi nahitaji kazi. Lakini babu yake Barasa akisikia tumembadilisha jina, ataniuliza kwa nini nimemzika yeye akiwa hai."

Wandera akatokea nyuma, ananukia chapati kama kawaida. Nikamuuliza anawezaje kumvua mtoto wa watu jina na kumvisha la mwanangu. Hakuona haya. Akasema akina Mama Baraka wamejaa Busia nzima, ukiita sokoni watageuka kumi, Baraka ni neno la Biblia na si shamba langu. Na kuhusu huyu, tofauti ni kidogo.

"Herufi moja tu, mama. Herufi moja ndiyo ifunge biashara?"

"Herufi moja ndiyo tofauti ya baba na bata," nikamwambia, "na mimi hapa nilipo sijui naongea na yupi."

Dereva mmoja aliitema kahawa yake mezani. Mahindi yale, sijui kama ni hasara.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwa kamati ya soko. Katibu wao ni mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitaka kujua kosa limetendeka upande gani. Nikamweleza kwamba mahindi yanakaangwa Tororo, yanasagwa na kufungwa hapa, na yanauzwa kwetu Kenya. Akashusha miwani. Akauliza nalalamika kama mfanyakazi au kama mteja. Nikasema kazi nimeacha, na kuwa mteja wa kitu kile Mungu aniepushe. Nalalamika kama mama. Akafikiri, akasema hajawahi kupokea la namna hiyo lakini hakuna sheria inayokataza. Akanipa karatasi na benchi. Baraka akashika ncha ya karatasi, nami nikaandika haya, ambayo nimeyanakili hapa jinsi yalivyo:

Kwa Kamati ya Soko.

KUH: KUTUMIA JINA LA MTOTO WANGU KUUZIA MAHINDI

Mimi ni mama yake Baraka. Namlalamikia Bwana Wandera, mwenye banda la kahawa kwenye foleni ya malori.

Sina ugomvi na mahindi. Nayala, na mtoto wangu anayala. Nina ugomvi na mahindi yanayojiita kahawa. Kamati inaweza kuyajua kwa glasi ya maji baridi, nami niko tayari kuja na glasi.

Pia nalalamika kuhusu jina. Kwa desturi yetu mwanamke akizaa, jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa mtoto wake. Kwa hiyo mtu akiandika Mama Baraka juu ya uongo, hajanitaja mimi peke yangu. Amemtaja mtoto ambaye hajui kusema uongo, na bado hajui kusema hata kahawa.

Dada anayefanya kazi pale sasa hana kosa. Naomba asifukuzwe, na aitwe Mama Barasa, kwa sababu mwanawe naye ana jina.

Ninachoomba ni kimoja kati ya viwili. Mahindi yatoke kwenye pakiti, au jina litoke. Likitoka lolote nitaridhika.

Na kama kamati itaona kwamba mahindi lazima yabaki, Bwana Wandera ana watoto wake saba. Achague mmoja.